Nani alimfikishia Mondlane kifurushi kile?

Jumatatu ya Februari 3, 1969, Dk. Eduardo Mondlane alipitia ofisi ya FRELIMO iliyokuwa Mtaa wa Nkrumah, Dar es Salaam, akachukua barua zake na kuelekea Oyster Bay. Huko kulikuwa na nyumba ya rafiki wa familia, mwanamke Mmarekani, ambako alizoea kwenda anapotaka kusoma na kuandika bila kusumbuliwa. Kati ya vitu alivyobeba kulikuwa na kifurushi chenye kitabu cha Georgi Plekhanov, mwanafikra wa Kimarx wa Urusi, katika tafsiri ya Kifaransa. Alipokifungua kikalipuka. Rais wa chama kilichokuwa kikipigana na Wareno kwa mwaka wa tano alikufa akiwa na umri wa miaka 48.

Alizikwa makaburi ya Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwapo. Kwa Watanzania wa rika lile msiba haukuwa wa mgeni. FRELIMO ilizaliwa hapahapa Dar es Salaam, Juni 25, 1962, vyama vitatu vya Wasumbiji vilipounganishwa kuwa kimoja, na Mondlane, msomi aliyekuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, akaacha maisha ya Marekani kuja kukiongoza. Damu yake ilimwagika katika mji wetu, na uchunguzi wa kifo chake ulifanywa na polisi wetu.

Tangu siku ile yamekuwapo majibu mawili kwa swali la nani alimuua. La kwanza linasema ni Wareno, kupitia PIDE, polisi wao wa siri. La pili linasema ni wasaliti wa ndani ya FRELIMO. Watu wengi huyasema yote mawili kwa pumzi moja, kana kwamba yana uzito sawa: Wareno walitengeneza, wasaliti wakapeleka. Wazee wetu walishatufundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, basi tukasikia jina la anayetajwa kuwa wa nguoni, tukatikisa vichwa, na mjadala ukaisha. Mimi nakataa kuyapima majibu haya kwa mizani moja. La kwanza lina ushahidi wa kutosha. La pili, kwa upande wa majina, halina, na ndilo lililoendelea kuua watu baada ya bomu kunyamaza.

Nianze na betri, kwa sababu katika kesi yote hii hakuna kitu ninachokiamini kuliko betri. Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, chini ya Geoffrey Sawaya, ilikusanya mabaki ya mlipuko, na wataalamu wa Uingereza wakasaidia kuyachunguza. Vifurushi vingine viwili vya aina hiyohiyo vilinaswa kabla havijamdhuru mtu, kimoja kikiwa na jina la Marcelino dos Santos, kiongozi mwenzake Mondlane, na kingine la makamu wa rais wa FRELIMO, Mchungaji Uria Simango. Betri za mabomu hayo zilikuwa zimetengenezwa Japani, na upelelezi ulipofuata njia ya shehena yake ulifika kwa muuzaji wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, wakati huo makao makuu ya utawala wa Kireno. Habari hizo zilitoka hadharani mwaka 1972, mwandishi David Martin alipoziandika katika gazeti la Observer la London.

Msomaji mwangalifu atauliza, na ana haki kuuliza: aliyesimulia ni nani? Serikali ya Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kupenda jibu la Lourenço Marques. Jibu hilo liliwaweka wauaji ng'ambo ya Ruvuma, likawaepusha wenyeji na aibu ya kushindwa kumlinda mgeni wao. Martin mwenyewe alikuwa karibu na vyama vya ukombozi. Pingamizi hili ni zito, na lingetosha kuniyumbisha kama betri zingesimama peke yake. Lakini madai ya betri yana sifa moja ambayo uvumi hauna. Kiwanda kinajulikana, shehena ina karatasi zake, muuzaji ana anwani. Anayesema jambo linaloweza kukaguliwa na adui yake anajiweka hatarini, na Ureno, iliyokuwa na mabalozi na magazeti ya kuitetea, ingeweza kuonyesha kwamba shehena ile haikufika kwake.

Zaidi ya hapo, njia ya pili ilikuja kukutana na ile ya kwanza, nayo ilitoka upande wa pili wa vita. Baada ya mapinduzi ya Aprili 25, 1974 kuuangusha utawala wa Lisbon, PIDE ilivunjwa na watu wake wakaanza kusema. Miongoni mwao ni Oscar Cardoso, mwanzilishi wa kikosi cha Flechas kule Angola, aliyesema bomu la Mondlane lilikuwa kazi ya Casimiro Monteiro, wakala wa PIDE mwenye asili ya Goa. Jina hilo si geni. Februari 1965 Jenerali Humberto Delgado, aliyekuwa amethubutu kugombea urais dhidi ya mfumo wa Salazar, alivutwa kwa hila hadi mpakani mwa Hispania na Ureno akauawa pamoja na katibu wake. Mahakama ya Ureno baadaye ilimtia Monteiro hatiani kwa mauaji hayo, bila yeye kuwapo.

Ushuhuda wa shushushu mstaafu upokewe kwa tahadhari. Cardoso hakuwa chumbani kitabu kilipotobolewa. Watu wa PIDE waliposhtakiwa mbele ya historia walipata faraja kubwa kumtwika mwenzao mmoja kila jambo chafu, hasa yule ambaye tayari alikuwa na hatia nyingine shingoni. Ndiyo maana sisemi kwamba tumethibitisha mkono wa Monteiro. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na ni imara zaidi. Polisi wa Dar es Salaam walianzia kwenye vipande vya chuma wakafika Lourenço Marques. Watu wa PIDE walianzia kwenye kumbukumbu zao wakafika mahali palepale. Hawa hawakuwa na sababu ya kuwasaidia wale. Mashahidi wasioelewana wanapokubaliana, na mmoja wao anakubali dhidi ya heshima ya ofisi yake mwenyewe, mwanahistoria anaweza kuandika kwa wino. Bomu lilitoka kwa Wareno.

Sasa njoo kwenye jibu la pili.

Ni kweli kwamba kitabu kile hakikuota miguu. Kilifika kwenye ofisi ya chama kilichokuwa vitani, kikapita mikono ya watu, kikamfikia rais bila mtu kukishuku. Aliyekipeleka alijua Mondlane ni msomaji wa aina gani na barua zake hupita wapi. Ni halali kabisa kudhani kulikuwa na mtu wa ndani. Dhana hiyo hata hivyo haina jina ndani yake. Posta nayo hupeleka mizigo, na PIDE ilikuwa na watoa habari wengi waliofuatilia mienendo ya viongozi wa FRELIMO Dar es Salaam. Kujua kwamba profesa anapenda vitabu hakukuhitaji mshirika wa ngazi ya juu. Kutoka "huenda kulikuwa na mtu" hadi "mtu huyo ni fulani" kuna bonde, na wengi wamelivuka kwa kufumba macho.

Linganisha na kifo cha Amílcar Cabral, aliyeongoza mapambano dhidi ya Wareno hao hao kule Guinea-Bissau na Cape Verde. Usiku wa Januari 20, 1973, Conakry, alipigwa risasi na Inocêncio Kani, mpiganaji wa chama chake mwenyewe. Kule mkono ulijulikana siku hiyohiyo, ubishi ukabaki juu ya nani aliutuma. Kwetu mambo yako kinyume: tunajua karakana, hatuujui mkono. Kuuchukua mfano wa Conakry na kuuvalisha Dar es Salaam, kwamba kwa kuwa Cabral aliuawa na wake basi Mondlane naye aliuzwa na wake, ni kuiacha kesi iliyo mbele yetu na kuhukumu kwa kesi ya jirani.

Kwa nini basi watu waliona rahisi kuamini usaliti? Kwa sababu mwaka 1968 FRELIMO ilikuwa inachanika, na Dar es Salaam nzima ilikuwa ikiona. Mwezi Machi wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini waligoma wakafanya fujo, wakichochewa na Padri Mateus Gwenjere, na shule ikafungwa. Mwezi Mei kundi la watu, wengi wao Wamakonde, lilivamia ofisi ya chama, na Mateus Muthemba, mmoja wa viongozi, akafa kutokana na kipigo. Mkutano mkuu wa pili ulipofanyika Julai, porini Matchedje mkoani Niassa, mwenyekiti wa Cabo Delgado, Lázaro Kavandame, aliususia. Waligombania mambo ya msingi: kama adui ni Mreno au ni kila mzungu, kama vita viongozwe na wapiganaji au na wazee wa mikoa, nani adhibiti maduka na biashara za maeneo yaliyokombolewa. Mondlane alikuwa na mke Mmarekani mweupe na marafiki Washington, na wapo waliomnong'ona kuwa ni mtu wa CIA. Desemba, Paulo Samuel Kankhomba, kamanda aliyetumwa Cabo Delgado, aliuawa alipokuwa akivuka mpakani. Tarehe 3 Januari 1969 Kavandame akavuliwa madaraka. Mwezi mmoja kamili baadaye, bomu.

Ukiusoma mfululizo huo upesi, mkono unakwenda wenyewe kwa Kavandame. Alikuwa na hasira, amepoteza cheo na mali, na wafuasi wake walishatuhumiwa kumwaga damu ya Kankhomba. Kisha, kabla nusu ya kwanza ya mwaka haijaisha, alijisalimisha kwa Wareno, akatumiwa kuwataka Wamakonde waache vita. Mtu anayekimbilia kwa muuaji, watu husema, alikuwa wake tangu mwanzo.

Hoja hiyo inavutia, na ni dhaifu. Kavandame alikuwa na sababu tele za kuikimbia FRELIMO bila bomu lolote; tuhuma ya Kankhomba peke yake ilitosha kumfanya asilale. Kuhama kwake kunaonyesha alikuwa tayari kuisaliti harakati mwaka 1969, na kwa hilo historia imhukumu kwa ukali wote. Hakuonyeshi alichokuwa akifanya Januari. Tena tazama silaha. Kankhomba aliuawa katika ugomvi wa mpakani, na watu wa eneo hilo. Mondlane aliuawa kwa kitabu cha falsafa kwa Kifaransa kilichotobolewa kwa ustadi. Vifo hivi viwili havifanani hata kidogo, na anayedai vimetoka chungu kimoja ana wajibu wa kutuonyesha kiungo. Mpaka leo sijakiona.

Silvério Nungu, aliyekuwa katibu wa utawala makao makuu, alishukiwa kwa sababu ya kazi yake: mambo ya ofisi yalipita kwake. Baada ya msiba alipelekwa Cabo Delgado, na kufikia katikati ya mwaka alikuwa amekufa mikononi mwa chama. FRELIMO ikasema alijinyima chakula. Simango akasema aliuawa. Hapa nataka nikae kidogo, maana Nungu husahaulika. Kama kweli kifurushi kilipitishwa na mtu wa ofisini, Nungu alikuwa shahidi wa kwanza wa kulindwa kwa gharama yoyote. Alijua orodha ya wafanyakazi, wapokea mizigo, wageni wa siku ile. Aliyemwacha afe, kwa njaa au kwa risasi, alituharibia ushahidi ambao hauna mbadala. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili isipokuwa kusema ni dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Na Simango? Ndiye aliyelengwa kwa maneno mengi kuliko wote. Alikuwa makamu, kwa hiyo kifo cha mkubwa wake kilimfungulia mlango. Lakini kifurushi kimoja kilikuwa na jina lake. Wanaomshutumu hujibu kwamba lilikuwa danganya toto, la kumsafisha. Inawezekana, PIDE ilikuwa na akili hiyo. Ila angalia hoja inavyojengwa: asingetumiwa bomu, ingekuwa dalili ya hatia, ametumiwa bomu, nayo imekuwa dalili ya hatia. Tuhuma ambayo hakuna ushahidi wowote unaoweza kuipunguza imeacha kuwa uchunguzi. Na ule mlango alioambiwa umefunguka haukufunguka. Aprili 1969 Kamati Kuu ilimnyima urais, ikaunda baraza la watu watatu: yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Novemba akatoa waraka wa kueleza hali ya giza ndani ya FRELIMO, akiwashutumu wenzake kwa mipango ya mauaji, na akafukuzwa kwenye baraza, kisha Tanzania nayo ikamwondoa nchini.

Wapo wanaokwenda upande mwingine kabisa, wakisema tutazame walionufaika: Machel akawa rais wa chama mwaka 1970 na wa nchi mwaka 1975, basi. Nawaambia hao kwamba wametumia kosa lilelile, wamebadilisha tu mtu wa kulibeba. Kunufaika na kifo hakumfanyi mtu kuwa muuaji, la sivyo kila mrithi duniani angekuwa mahabusu. Wareno ndio walioua kwa matumaini ya kunufaika, na hawakunufaika. Walitegemea FRELIMO isambaratike. Miaka iliyofuata vita vilivuka Zambezi huko Tete, operesheni yao kubwa ya mwaka 1970 ikashindwa kuvizima, na miaka mitano baada ya bomu serikali yao ikaanguka. Anayepima nia ya watu wa Februari 1969 kwa matokeo ya Juni 1975 anawapa uwezo wa kuona ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuwa nao.

Mambo haya yangekuwa mabishano ya wasomi kama yasingefika Nachingwea. Mwaka 1974, Ureno ilipokuwa inaondoka, Simango alirudi na kushiriki kuunda chama cha upinzani kilichotaka uchaguzi wa vyama vingi. Alikamatwa. Mei 1975, katika kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, kwenye ardhi ya Tanzania, alisimamishwa mbele ya umati akasoma ungamo refu la usaliti wake, pamoja na wenzake akiwamo Joana Simeão. Baadaye yeye, Simeão, Gwenjere, Kavandame na wengine waliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Mke wa Simango, Celina, naye aliuawa baadaye.

Wapo wanaolinukuu ungamo la Nachingwea hadi leo kama uthibitisho. Nalikataa lote, hata sehemu zake zinazoonekana za kweli. Mtu aliyezungukwa na bunduki, anayejua mkewe na wanawe wako mikononi mwa wanaomsikiliza, atasoma karatasi yoyote atakayopewa. Ungamo la namna hiyo linatuambia waandishi wake walitaka nini kiaminike. Juu ya kifo cha Mondlane halina thamani ya ukucha mmoja wa betri ya Japani. Na kosa halisi la Simango mwaka 1974 lilikuwa kuomba kura. Tuhuma za 1969, ambazo hakuna hakimu aliyewahi kuzipima, ndizo zilizorahisisha kumwita msaliti bila mtu kuuliza.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika hili, na si ndogo. Ripoti kamili ya uchunguzi wa polisi wetu haijawahi kuchapishwa. Tunaifahamu kupitia gazeti la London na vitabu vya wageni. Mwaka 1969 kuificha kulieleweka: vita vilikuwa vikiendelea, na kutaja njia za upelelezi kungemsaidia adui. Leo hakuna Ureno ya kikoloni, hakuna PIDE, na nyaraka za PIDE zenyewe zinasomwa na watafiti pale Torre do Tombo, Lisbon. Aliyekuwa adui amefungua kabati lake. Mwenyeji wa marehemu bado amefunga lake. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kufungua nyaraka za umma. Miaka hiyo ilitimia mwaka 1999.

Jalada hilo lifunguliwe. Ninaposema hivyo siahidi kwamba litataja jina. Huenda likawa na maelezo ya wapokea barua yanayopingana, na mihuri ya posta ambayo hakuna aliyeifuatilia. Hata hivyo litatuwezesha kusema ni nani aliyechunguzwa akaonekana safi, jambo ambalo kwa familia kadhaa za Msumbiji lina thamani kuliko kumpata mwenye hatia. Mtoto wa Simango, Daviz, aliyekuwa meya wa Beira na mwanzilishi wa chama cha MDM, alifariki Februari 2021 bila kukabidhiwa mabaki ya baba yake wala hukumu ya mahakama yenye jina la baba yake.

Na kwa FRELIMO, chama kilichozaliwa mjini kwetu na kinachotawala mpaka leo, ombi langu ni moja, wala halihitaji kusubiri jalada la bomu. Kiseme waliotolewa hadharani Nachingwea walizikwa wapi. Wanaojua walikuwa vijana wa kambini wakati ule. Sasa ni wazee sana, na wanapungua kila mwaka.